Mtakunywa Bahari

Najua umri wangu haujafika wa kuandika kumbukumbu. Kumbukumbu wanaandikaga wastaafu, watu wenye miwani na presha, wakianza na kijiji walichozaliwa na mbuzi waliowachunga. Mie nipo kidato cha sita, na mbuzi nimewahi kuchunga mmoja tu, wa Idi, akanitoroka akala daftari la mtoto wa jirani. Lakini upo mwaka mmoja, nilipokuwa kidato cha pili, ambao nikiukumbuka najiona mzee kuliko mwalimu wetu wa historia, na yule bwana akikohoa linatoka vumbi. Ni mwaka ambao dude lilikaa chumbani kwa bibi. Wazazi wetu wana hadithi yao, wakitaka waiandike wenyewe. Katika hii tumo watatu tu: mie, kaka yangu Shaibu, na bibi yetu mzaa mama, wote nyumba moja pale Mtoni. Wa nne ni kompyuta, na usicheke, alikuwa na tabia mbaya kuliko sote.

Kilichonishikisha kalamu ni kurudi kwa Shaibu. Alirudi Jumamosi, kachelewa vibaya. Bibi tulishamzika, matanga tulishaanua, viti vya kukodi vilisharudi kwa mwenyewe, na lile sufuria kubwa la msikitini lilishasuguliwa linangoja msiba wa watu wengine. Shaibu anafanya kazi machimboni Chunya, mahali ambapo ili simu ishike mtandao inabidi upande kichuguu na unyooshe mkono kama unaomba mvua. Habari ilimfikia kwa mdomo wa mtu, bibi akiwa ameshalala chini siku nyingi. Akasimama mlangoni na begi lenye vumbi jekundu, akamwamkia jirani yetu Mama Kulwa, "Shikamoo mama," kisha akapita moja kwa moja hadi chumbani kwa bibi. Nikamfuata nyuma, nikijua sasa ndiyo analia, na nimeshaandaa kichekesho cha kumtoa kwenye kilio, maana humu ndani kazi yangu ndiyo hiyo. Hakulia. Alikitazama kitanda kilichokunjwa godoro, akaitazama meza ya pembeni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, akauliza, "Dude linawaka?"

"Kaka, pole kwanza."

"Nimeshapoa. Linawaka, haliwaki?"

"Haliwaki kitambo. Wewe ulipoondoka na lenyewe likasusa."

Akakaa kwenye chaga za kitanda kama mzigo ulioachiwa. "Basi kesho naondoka sijamsikia," akasema. Tiketi ya basi la Mbeya alikuwa nayo mfukoni, ya alfajiri. Machimboni ukizidisha siku, shimoni kwako anashuka mtu mwingine. Nikamwambia chakula kipo, wali na mchuzi wa samaki, nimefunika kwa kawa. Akasema hana njaa. Tangu nimjue Shaibu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza nasikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake, na ndipo nilipoogopa.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Bibi hakuwa mtu wa simu. Ukimpigia alikuwa anapiga kelele tu, "Halo? Halo? Huyu hanisikii," anakata, na wewe unamsikia vizuri kabisa mpaka anavyohema. Ukimwekea simu mdomoni ajirekodi ananyamaza anakutazama kama umemwekea kipimajoto. Na pale msibani likanitokea jambo ambalo sikumwambia mtu. Sie ni Wazaramo, Mama Kulwa ni Mnyamwezi wa Tabora, na hao ni watani wetu wa kale. Basi siku ya mazishi akafanya yake. Kavaa kanga ya bibi, kajifunga kibwebwe, kajilaza kizingitini anadai hatoki mtu mpaka apewe kuku, halafu akainuka akashika kiuno kama bibi na kukaripia wanawake wote ukumbini: "Zima hilo dude! Mtakunywa bahari leo!" Watu machozi yakageuka kicheko. Mie nami ni mjukuu, na mjukuu kwa bibi yake ni mtani mara mbili ya Mnyamwezi, nikaingia uwanjani nikamjibu kwa sauti hiyohiyo. Tukashindana, ukumbi umelala chini. Na katikati ya kicheko kile nikatusikia. Sauti zetu zote mbili zilikuwa nyembamba, za mbio, kama chiriku kwenye tundu. Hiyo haikuwa sauti ya bibi. Hiyo ilikuwa sauti ya bibi kwenye singeli ya Shaibu, ule muziki wa mbio aliowahi kumtia bibi ndani yake. Nikaitafuta ile yenyewe kichwani, ile nzito iliyokuwa inaniamsha kila siku, sikuiona. Nikamalizia utani, nikaenda uani nikajifanya nasuuza vikombe.

Sasa turudi kwenye mwaka wenyewe. Shaibu alikuwa anapakua magunia ya vitunguu Buguruni, na jirani na soko kulikuwa na duka la intaneti linafungwa. Mwenye duka akampa kompyuta moja kwa kumsaidia kuhamisha vitu. Ilikuwa imechoka tangu siku hiyo. Boksi lake lilikuwa la rangi ya meno ya mvuta sigara, skrini ina kisogo kama cha mtu mwenye akili nyingi. Akaja nayo kwenye mkokoteni, mie nashikilia skrini njia nzima isidondoke, watoto wa mtaa wanatufuata kama tumebeba bi harusi. Bibi akatoka na kijiko cha mboga mkononi, akalizunguka. "Nini hili?" Shaibu akaeleza studio, midundo, singeli, maisha yatakavyobadilika. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo hujui." Kuanzia hapo likaitwa dude.

Chumba kilichokuwa na soketi nzima kilikuwa kimoja tu, cha bibi. Akakubali lakini kwa sharti: kitu cha mume wake hakikai chini kama kuku. Shaibu, bibi alikuwa anamwita mume wangu, na mie mke mwenzangu, na tukikosana ananitisha atanipa talaka yeye. Akatuma kwa fundi mmoja wa Keko itafutwe meza. Fundi hana meza ya kompyuta, ana meza ya vipodozi yenye kioo, mteja aliyeiagiza kapotea. Bibi akaipenda hiyohiyo. Kwa hiyo studio yetu ilikuwa na kioo. Unapiga biti huku unajiona masikio, maana uso umezibwa na skrini. Ukutani tukabandika sponji la godoro bovu kuzuia sauti, halikuzuia kitu. Na bibi akamaliza kwa kufuma kitambaa cheupe cha kulifunika, chenye maua pembeni, kama alivyofunika redio, friji, na kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Kuliwasha dude kulikuwa na ibada yake, na mie nilikuwaga msaidizi mkuu. Unachomeka ekstensheni, unahesabu pumzi kidogo, Shaibu anabonyeza, na likikaa kimya mie nalipiga kofi ubavuni, kofi la upendo lakini lenye nia. Shaibu ndiye aliyenifundisha lugha yake. "Sikiliza mlio, Kidomo," alikuwa akiniambia. "Mlio mmoja mfupi, linakupa salamu, mambo safi. Likilia marefu marefu bila kukoma, linaumwa kichwa, kumbukumbu zimelegea." Nikawa najua lugha ya dude kuliko Kifaransa nilichokuwa nafundishwa shule. Bibi naye alikuwa na matibabu yake. Kila Alhamisi jioni alikuwa anafukiza udi nyumba nzima, anatembea na chetezo kutoka kona hadi kona, akifika kwenye dude anasimama zaidi. Analifunua kitambaa, analifukiza mbele, analifukiza nyuma pale penye feni. Shaibu akamwambia, "Bibi, moshi siyo mzuri kwa mashine." Bibi akajibu, "Na mashine siyo nzuri kwa bibi. Linapiga makelele kama lina mtu ndani. Acha nalo linukie, mume wangu, usije ukaingiwa." Feni ilikuwa inauvuta ule moshi wote ndani, zuuuu, kama mtu aliyekuwa anangojea kwa hamu.

Jumamosi hii nilipokitoa kile kitambaa, kilikuwa kisafi, kimepigwa pasi. Nikachomeka, nikahesabu pumzi, nikabonyeza. Kimya. Nikakagua ekstensheni, panya walikuwa wameonja waya. Nikaenda kuazima nyingine kwa Mama Kulwa. "Mnaunganisha nini?" akaniuliza. "Tunamuunganisha bibi." Akanipa bila kuongeza neno, na Mama Kulwa kukosa neno la kuongeza ni habari. Nikabonyeza tena. Safari hii taa ya kijani ikawaka, feni ikakoroma, skrini nyeusi tii, halafu likaanza kulia: mlio mrefu, mrefu, mrefu. Nikamtazama Shaibu. Yeye anatazama ukutani palipokuwa na sponji, gundi imeacha mabaka.

"Kaka, linaumwa kichwa."

"Nasikia."

"Sasa uje."

"Fungua mwenyewe. Mikono yangu siku hizi inajua sururu tu."

Kwa kweli ile mikono niliiona, imepasuka kama udongo wa kiangazi, ameiweka chini ya mapaja isionekane. Zamani yeye alikuwa anafungua mie namulika tochi. Sasa nikachukua bisibisi, nikalilaza dude sakafuni, nikaanza kutoa skrubu huku naongea upuuzi, maana nikikaa kimya na mie ningelia. Nikamsimulia jinsi imamu alivyokanyaga mkia wa paka wakati wa dua, jinsi shangazi wa Kigamboni alivyozimia kwa uangalifu, akitafuta kwanza mahali penye mkeka. Hakucheka. Skrubu ya mwisho ikatoka, nikavuta ubavu wa boksi, ukang'oka kwa kwikwi.

Harufu ikatoka kwanza. Kabla sijaona kitu, chumba kizima kikanuka Alhamisi jioni. Ndani, kila kitu kilikuwa kimevaa vumbi jeusi lenye mafuta, limejikunja kwenye feni kama pamba, limeganda kwenye nyaya, na vumbi lote lile lilikuwa udi wa bibi. Siyo wa mwaka ule tu. Mama Kulwa alikuja kuniambia baadaye kuwa Shaibu alipoondoka bibi hakuacha: kila Alhamisi alikuwa analiwasha kwa kile kitufe, tupu bila kitu, ili feni izunguke moshi uingie, analifukiza, halafu analizima na kulifunika. Anasema ni cha mume wake, kisije kikaingiwa na kitu mwenyewe hayupo. Mie nilikuwa shule ya bweni muda huo, kabla sijarudishwa kwa sababu ambazo ni za sura nyingine na mwalimu wa nidhamu. Alilifukiza mpaka likakataa kuwaka, na hata lilipokataa akaendelea.

Nikainua pampu ya baiskeli ili nipulize. "Subiri," akasema Shaibu. Akashuka kitandani, akapiga magoti, akaingiza uso mzima ndani ya boksi, akavuta pumzi. Akakaa hukohuko.

"Kaka, unanusa kompyuta."

"Najua."

"Nakukumbusha tu, watu wakiingia tujue tunasemaje."

Akatoa uso, puani kuna doa jeusi, macho yamelowa, na kwa mbali sana, mdomo umecheza. Akainuka akafunga dirisha. Akafunga na mlango. "Sasa pampu," akasema, "isitoke nje." Nikapampu. Vumbi likapanda, likatujaa puani na kichwani, tukakohoa kama mwalimu wa historia, na hakuna aliyefungua dirisha.

Wakati nafuta nilikuwa naifikiria siku yenyewe ya kurekodi. Ilikuwa mchana, likizo, jua la kuchoma mabati. Shaibu kapata maiki ya kuazima, kasema leo anarekodi sauti yangu, niwe nashangilia kwenye biti. Akafungulia sabufa mpaka mwisho. Sijamaliza hata neno la kwanza, mlango ukafunguka, bibi katokeza na mwiko, na maneno yake yote yakaingia kwenye maiki. Shaibu akakata kipande kidogo, "Zima hilo dude! Mtakunywa bahari leo!", akakipandisha kasi ya singeli, sauti ikawa ya chiriku, akakirudiarudia juu ya mdundo. Kabla mwezi haujaisha, hakuna kigodoro, ile ngoma ya kukesha mtaani, kilichopigwa Mtoni yote bila bibi. Akienda sokoni, watoto wanamwita Bibi Bahari, wauza samaki wanamwambia, "Bibi, leo tunazima au tunawasha?" Akirudi nyumbani anatutukana vizuri sana, anasema tumemtia aibu, atatulaza nje. Lakini mie nilimchungulia siku moja jikoni, anakuna nazi, redio ya jirani inapiga ule wimbo. Mabega yake yalikuwa yanakwenda. Mbuzi ya nazi na bibi, wote singeli. Mwisho wa mwaka ule Shaibu akakosana na wenzake wa muziki, akapata rafiki wa machimbo, akasema anakwenda miezi michache. Bibi akampa chupa ya maji na kitambaa kidogo cha kufuma cha kufunikia simu. "Nenda mume wangu, ila mke mwingine usioe, mie na mwenzangu tunakutosha." Akaondoka anacheka. Tulijua anarudi upesi, kwa hiyo hakuna aliyemwangalia vizuri.

"Zichomoe zile mbili," Shaibu akaniamuru, sasa kachuchumaa karibu yangu. Ni vipande viwili vyembamba, vimesimama wima ndani ya mifereji yake, vina meno ya rangi ya dhahabu kwa chini. Ramu, ndiyo kumbukumbu zenyewe. Meno yalikuwa yamefanya utando wa kahawia, udi tena. Nikaenda kwenye mkoba wangu wa shule nikachukua ufutio, tukagawana, yeye nusu mie nusu, kila mtu na kipande chake, tunasugua taratibu kama tunamswakisha mtoto meno. Mikono yake ikasahau sururu. Tukarudisha, tukabonyeza. Mlio mrefu. Tukabadilisha mifereji. Mrefu. Tukachomoa kimoja, tukabakiza kile alichosugua yeye. Mrefu. Mama Kulwa akabisha hodi anataka ekstensheni yake, tukamwambia bado. Shaibu akaangalia begi lake mlangoni. Nikaliona jicho lile nikajua anaanza kukubali.

"Kidomo, basi. Limeshakufa."

"Tumejaribu chako. Bado changu."

"Hakuna tofauti."

"Ipo. Changu nimekisugua kwa hasira."

Nikatoa chake nikatia changu, nikakikandamiza mpaka kikasema tak. Nikabonyeza. Kimya kabisa, hata kulia halilii. Basi nikafanya kitu pekee ambacho nimewahi kuwa bingwa nacho. Nikalipiga kofi ubavuni, kofi la upendo lakini lenye nia.

Mlio mmoja. Mfupi.

Skrini ikapata mwanga wa buluu, ikatuandikia kwa Kiingereza kwamba saa na tarehe zimepotea, tuijulishe leo ni lini. Kibetri cha saa kilikuwa kimekufa, na dude lilidhani tupo mwaka ambao mie sijaanza hata shule ya awali. Nikaweka vidole kwenye kibodi nirekebishe. "Liache," akasema Shaibu. "Litajua kesho." Tukapita.

Jalada la nyimbo lilikuwa palepale. Akafungua ule wimbo kwanza, chiriku akatupigia kelele, na mie nikasema ndiyo hii hii, tunayo kwenye simu za mtaa mzima, hatukufukizwa vumbi lote hili kwa ajili hii. Akashuka chini kwenye faili ambalo hakulipa hata jina, lile alimokata kile kipande cha wimbo. "Mbona refu hivi?" akanong'ona. Kipande cha wimbo ni sekunde chache, na faili hili lilikuwa linakwenda na kwenda. "Sikuzima," akasema. "Siku ile tulitoka, sikuzima maiki." Akabonyeza.

Ukaanza mdundo, ukafuatia mlango. Halafu akaingia bibi. Nzito, taratibu, ina mikwaruzo kidogo mwanzoni kama mlango wa mbao uliofunguliwa asubuhi. Ndiyo hiyo. Jamani, ndiyo hiyo. "Zima hilo dude! Zima nakwambia! Kuta zinatetemeka, kopo la chumvi limetoka rafuni limeingia zima zima kwenye mchuzi. Haya, mtakunywa bahari leo!" Tukasikia wajinga wawili wanacheka. "Mnacheka? Chekeni na tumbo likiuma. Njooni mle. Mke mwenzangu, mtangulize mume wetu." Mdundo ukakatika, miguu ikasogea, mlango ukabaki wazi, na yaliyofuata yote yalitoka ukumbini nje ya chumba, kwa mbali: mkeka unatandikwa, sahani zinagongana, maji yanamiminwa kwenye bakuli la kunawia mikono, bibi anasema bismillahi. Mchana mzima wa kawaida, hakuna aliyejua anasikilizwa.

Shaibu akafungulia sauti mpaka mwisho. Akatandika mkeka hapohapo chini ya meza ya vipodozi. Mie sikuuliza, nikaenda jikoni nikaleta wali na mchuzi, nikaondoa kawa. Mlango ukasukumwa, Mama Kulwa kachoka kungoja ekstensheni yake. Akafungua mdomo aseme, na kwenye spika bibi akamuwahi: "Na yule Mnyamwezi naye, kaja kuazima ungo mzima, kaurudisha una tundu la kupita kuku." Mama Kulwa akasimama mkono kifuani. Akaitazama kompyuta, akatutazama sie. "Mwongo huyo!" akaiambia. "Wallahi mwongo, ungo niliukuta na tundu lake!" Kwenye spika bibi akacheka cheko lake la chini, lile la kujitikisa, na Mama Kulwa akakaa kizingitini taratibu, akafunika mdomo kwa kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Sema tena, mtani. Sema chochote."

Tukanawa. Kwenye spika tunanawa, chini ya spika tunanawa. Mchuzi wangu nilijua kasoro yake kabla ya kuonja, mie kwenye chumvi naogopaga, chakula changu kimepooza kama cha hospitali. Shaibu akatia tonge mdomoni, tonge la kwanza tangu afike, akatafuna muda mrefu.

"Bibi, hii imezidi," analalamika Shaibu wa mwaka ule, kule ukumbini. "Hailiki." Mie wa mwaka ule anacheka mpaka anapaliwa, mtu anampiga mgongo.

"Chumvi mmeitafuta wenyewe," anasema bibi, hana haraka. "Wali unaikata. Lete sahani, mume wangu. Ongeza wali."

Shaibu akanyoosha sahani. Aliinyoosha juu, kuelekea kwenye spika, mkono wote, na akaishikilia pale. Nikachukua mwiko nikamjazia.